Mifupa ni Mizima

Msambweni
9 Februari 1966

Sefu,

Huna adabu. Nimengoja barua yako tangu katikati ya Ramadhani, na leo kondakta wa basi ananikabidhi bahasha, anasema imetoka kwa mwanangu mjini. Naifungua palepale kituoni, mbele za watu, ili waone kuwa sikutupwa. Kumbe ndani mna karatasi ya hospitali isiyo hata shikamoo. Sahihi ni yako. Mtu mwenye nguvu ya kutia sahihi hawezi kukosa nguvu ya kuandika "mama hujambo".

Kusoma kwangu ni kwa gumbaru, jioni kwenye banda la shule pamoja na vikongwe wenzangu, lakini karatasi hii nimeisoma yote peke yangu, maana haina mengi. Kila neno limepigwa chapa kabla. Kilichoandikwa kwa kalamu ni jina la mtoto, na "goti la kushoto", na jina lako. Mengine mmeyapanga safu kama bidhaa za dukani, kila neno na kisanduku chake, na ndani ya kisanduku alama ya vema. Mfupa: mzima. Kiungo: salama. Mvunjiko: hakuna. Chini kabisa: Mifupa ni mizima, mgonjwa aendelee na shughuli zake.

Shughuli zipi, Sefu? Huyu si mgonjwa wa barabarani. Ni Esha, mwanao wa kumzaa, uliyeniletea mama yake alipofariki, akiwa hajaota jino. Ana jina langu, ni somo yangu, na nimemlea mpaka watu wamesahau kwamba si mimi niliyemzaa.

Tangu Ramadhani anauburuta mguu. Hakuanguka, hakupigwa. Hulala upande mmoja tu, goti amelikunja, na usingizini hupiga ukelele mmoja kisha hunyamaza. Nilimpeleka kwa masista, njia ya Kikoneni, kwa kuwa wana mashine ya eksirei. Mashine wanayo, mtu wa kuisoma picha hawana, ndiyo maana huitia kwenye basi ije kwenu. Yule dresa wao, mfunga vidonda, Mangi, Mduruma mrefu mwenye maneno mengi, alimwuliza mtoto panapouma, na mtoto akashika goti. Basi likapigwa picha goti.

Nikamwambia Mangi, "Andika pia anavyolala, na anavyolia usingizini." Akanijibu, "Bibi, fomu ya kuombea picha haina mahali pa hayo. Hapa ni kiungo gani, na upande gani, basi." Nikamwambia, "Aliyeitunga fomu hiyo hakuzaliwa, aliokotwa." Alicheka mpaka akakohoa, asinambie kwa nini. Leo nimeona jina la mtungaji limepigwa chapa pembeni. Ni wewe.

Nina swali moja. Picha ya mwanao, uliitazama kwa macho yako? Nijibu hilo kwanza. Habari za mjini utaniandikia baadaye.

Mama yako,
Esha binti Ngala


Mombasa
17 Februari 1966

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, na baada ya shikamoo naomba radhi. Karatasi ile sikukutumia mimi. Ofisi huipeleka kwa masista, na masista ndio waliokutumia. Kama ningejua kwamba ingekufikia mkononi kwanza, ningeitangulizia barua.

Naomba pia unisikilize kuhusu fomu yenyewe, maana umeitukana na mimi ninaionea fahari. Unajua kwamba daktari Mzungu aliyekuwa akisoma picha zetu alirudi kwao baada ya Uhuru. Chumba cha eksirei nimeachiwa mimi. Daktari wa mifupa hupita Alhamisi tu, naye ana wodi nzima inayomngoja. Picha zinatoka Kinango, Kikoneni, Mackinnon Road, kila basi lina bahasha yetu. Zamani kila mtu alijibu alivyotaka. Mmoja aliandika ukurasa mzima wa mawazo yake, mwingine aliandika neno moja lisilosomeka. Kuna kibarua wa reli kule Mackinnon Road aliyejibiwa kwamba mfupa wa mkono umevunjika, bila kutajwa mkono upi. Dresa wa huko akaufunga plasta ule mzima. Watu walicheka sana. Yeye vidole vyake vimepooza mpaka leo.

Ndipo daktari na mimi tukakaa tukaitunga hii. Kila picha itazamwe kwa mpangilio mmoja: mfupa, kiungo, nyama, upande. Asisahau mtu kitu. Dresa aliye Kinango asome kile kile anachosoma aliye Mombasa, kwa Kiswahili, bila kumtafuta wa kumfasiria. Wizara imeomba nakala. Mama, watu waliosoma zaidi yangu wanaitumia karatasi niliyoipanga mimi.

Kuhusu Esha usiwe na hofu. Goti ni zima. Mtoto aliyewahi kuumwa hubaki na woga, akaendelea kuchechemea hata maumivu yakiisha, hasa akiwa na bibi wa kumdekeza. Usimpe fimbo. Atembee, aende shule, aende chuoni kusoma Kurani kama wenzake. Misuli isipotumika hulegea. Nimekuwekea kanga na chupa ya mafuta ya kuchua, atakuletea kondakta.

Nisalimie watu wote wa nyumbani.

Mwanao,
Sefu


Msambweni
6 Machi 1966

Sefu,

Kanga nimeipata. Rangi yake ni ya mwali, si ya mjane, lakini nimeivaa, na anayetaka kusema na aseme.

Nimefanya kama ulivyoagiza. Fimbo nimeitia jikoni ikawa kuni. Kila asubuhi namtoa kwa maneno makali, na akisimama njiani nampigia kelele kutoka mlangoni. Maji ya asubuhi anateka yeye, ndoo ndogo. Ukinambia namdekeza, njoo uulize jirani kama wamenisikia nikidekeza mtu.

Karatasi yako naitembeza. Mwanzoni niliikasirikia, lakini baada ya barua yako nimeona si jambo dogo, kitu cha serikali chenye jina la mwanangu kilichopigwa chapa. Nimewaonyesha wanawake kisimani. Mke wa chifu ameishika akaigeuza nyuma na mbele, akasema, "Huyu Sefu ndiye yule aliyekuwa akikojoa mkekani kwetu?" Nikamwambia, ndiye huyo huyo, na sasa anatazama ndani ya watu bila kuwapasua.

Maalim Abdurahman naye nimemwonyesha. Alikuwa amemruhusu Esha akae ukutani, mguu ameunyosha, kwa kuwa anasema hawezi kuukunja. Watoto wengine wakaanza nao kunyosha miguu, chuo kikawa kama ufuoni. Nikaenda na karatasi. Maalim akavaa miwani, akaisoma, akasema, "Kama wenye elimu ya mifupa wamesema mizima, basi ni mizima." Tangu siku hiyo Esha anakaa mkekani, miguu amekunja kama wenzake, msahafu mbele yake. Siku ya kwanza nilimsikia akilia nikiwa nje barabarani. Nikajiambia atazoea. Nikaenda zangu.

Lakini kuna mambo yako nje ya karatasi nami nayaona. Paja la kushoto limekonda, kanga inampwaya upande huo. Jioni mwili wake una moto. Chakula anakizungusha tu sahanini. Mafuta yako ya kuchua yanamwasha wala hayamsaidii.

Tena nilikuuliza jambo moja ukanijibu mengine yote. Umenieleza habari za kibarua wa reli, na wizara, na Kinango. Sikuuliza Kinango. Uliitazama picha ya mwanao?

Mama yako,
Esha binti Ngala


Msambweni
14 Machi 1966

Kwa Baba,

Shikamoo. Mimi sijambo kidogo. Natumaini wewe pia hujambo. Naandika hapa shuleni. Bibi hajui. Mwalimu Mwanapili amenipa karatasi na bahasha, na amesema hatasoma.

Baba, mimi sidanganyi. Watu wote wameonyeshwa ile karatasi, na sasa watoto wa chuoni wananiita Mifupa Mizima. Nikipita wanasema, "Mizima, kimbia tuone." Sijali sana hilo. Maalim si mkali kwangu. Siku ile niliposhindwa kukaa alinisaidia kuukunja mguu kwa mkono wake, polepole, na kitu kikalia huko ndani. Alikisikia na yeye. Akasema ni viungo vinajinyosha.

Nataka kukwambia kitu. Kwa masista sikusema kweli yote. Goti linauma, lakini maumivu hayaanzii gotini, yanaanzia juu, kinenani, yanashuka. Dresa Mangi ni mwanamume, na kwenye benchi kulikuwa na wanaume wengine wanangoja zamu wananitazama. Bibi amenifunza msichana hashiki pale mbele ya wanaume. Nikashika goti. Nilifikiri picha ikipigwa wewe utaona mwenyewe.

Usimwambie Bibi, ataona aibu.

Je, ile picha ya juu inaweza kupigwa mtu akiwa na nguo? Nataka kujua kabla.

Mimi mwanao,
Esha Sefu, Darasa la Tatu


Mombasa
19 Machi 1966

Mama,

Shikamoo. Barua hii nampa dereva mwenyewe, si kondakta.

Esha asitembee tena. Asiende shule, asiende chuoni, asichote maji. Alale kitandani na mguu usiguswe na mtu, wala usichuliwe. Nitakuja Jumanne na gari. Mfungie nguo.

Nakuomba usiniulize kitu mpaka nifike.

Sefu


Msambweni
30 Machi 1966

Sefu,

Ulikuja ukaondoka kama mtu aliyefuata mbuzi wake aliyepotea. Maji nilikupa hukunywa. Uliingia chumbani, ukamlaza Esha chali, ukamshika kisigino ukaugeuza mguu kidogo sana, kama mtu anayefungua mlango kuchungulia. Akapiga yowe ambalo sijawahi kulisikia kutoka kwake. Wewe ukasimama ukageukia ukuta. Halafu ukambeba, ukamweka kwenye kiti cha nyuma cha lile gari la kukodi, na jirani zangu wote wamesimama nje wananitazama mimi, si wewe.

Kabla mlango haujafungwa somo yangu alinivuta shingo akaninong'oneza panapouma. Akanambia pia kwa nini hakusema.

Sasa sikiliza, usije ukanitumia barua ya kunambia kwamba nilimlea vibaya. Nilimfunza heshima kama nilivyofunzwa, na mtoto alifanya alivyofunzwa. Ninyi ndio mliomkalisha mbele ya benchi la wanaume mkamwuliza, "Wapi?" Hamna pazia? Hamna hata sista mmoja wa kumwita pembeni? Mmechapa vijisanduku vya kila kitu, hamkupata kimoja cha kuuliza kama mtoto ameulizwa faraghani.

Hayo nimeyasema, nayo ni kweli. Lakini tangu mwende sijakanyaga kisimani. Namtuma mtoto wa jirani. Na Maalim Abdurahman alipita hapa kuuliza hali, nikamwambia mlangoni kwamba nina wageni, na sina wageni.

Idi ya Mfungo tatu mwaka huu sichinji kitu.

Umekaa kimya siku zote hizi. Niandikie mtoto yukoje. Na ukiandika, nijibu lile swali. Sitaki kuliuliza tena, maana nikiuliza tena nitakuwa ninalijua jibu.

Mama yako,
Esha binti Ngala


Mombasa
20 Aprili 1966

Mama yangu,

Shikamoo.

Nimeianza barua hii mara nyingi. Nitaiandika kwa mpangilio, maana nikiacha mpangilio nitashindwa.

Siku tuliyofika nilimpiga picha ya nyonga mimi mwenyewe. Alikuwa na nguo, maana aliuliza kabla, nami nilimfunika shuka na nikamwita Rispah, nesi wetu kutoka Kinango, ndiye aliyemweka sawa mezani. Mfupa wa paja una kichwa cha mviringo kinachoingia kwenye nyonga kama mchi kwenye kinu. Kichwa hicho kwa Esha hakipo. Kimeliwa. Kilichobaki ni kama ncha ya muwa uliotafunwa, na kinu chenyewe kimemomonyoka. Ni kifua kikuu. Wengi hawajui kwamba ugonjwa huo huingia mifupani. Humla mtoto taratibu kwa miezi, na hudhihirika gotini kwa kuwa mshipa wa fahamu ni mmoja. Alikuwa na usaha mwingi pajani, daktari ameutoa. Anachomwa sindano kila siku. Homa imeshuka. Hatakufa, Mama. Daktari amenambia hivyo mara mbili.

Angekuja Februari, kabla ya kulazimishwa kutembea na kukunja mguu, kichwa cha mfupa kingeweza kubaki, chote au sehemu. Nilimwuliza daktari waziwazi naye alinijibu waziwazi.

Sasa swali lako.

Sikuitazama. Picha zilikuwa zimelundikana, na karatasi zote zilihitaji sahihi yangu, na basi la Kikoneni huondoka adhuhuri. Jumatatu ya kila wiki nilikuwa nikitia sahihi karatasi tupu, rundo zima, ili Chengo, karani wangu, aziwahishe. Chengo hunyanyua picha dirishani, asipoona mvunjiko anaweka alama kwenye vile visanduku vya kwanza. Yeye ni mpigaji chapa, hakusomea. Alipoona jina la Esha aliniambia, "Mwanao, goti, sijaona kitu." Nikamwambia, "Vizuri, ipeleke." Nilikuwa mlangoni nikienda kupokea wageni wa wizara waliokuja kuona fomu inavyofanya kazi.

Baadaye nimeitoa stoo nikaiweka kwenye taa. Mfupa wa goti haukuvunjika, kiungo ni salama, kila alama ya vema aliyotia Chengo ni ya kweli. Lakini mifupa imefifia, Mama. Imekuwa myepesi kama ya mtu ambaye mguu ule hautumii tena, na kivuli cha nyama kimekonda. Mtu aliyesomea angeona hilo kwa kupita tu, na angeuliza: kwa nini mtoto huyu hautumii mguu wake? Fomu haina kisanduku cha kuuliza. Ningeuliza mimi, kama ningetazama.

Nimemweleza daktari. Amekasirika, kisha ameniomba jambo hili libaki baina yetu. Wizara inataka kuipeleka fomu pwani yote kuanzia Julai. Anasema tukiitilia shaka sasa tutarudi kwenye zile karatasi zisizosomeka, na watu watapooza mikono tena. Kuhusu hilo amesema kweli. Mimi nimekusudia kuacha kazi mwisho wa mwezi na fomu zilizobaki nizichome. Wewe usimwambie mtu huko. Useme tu ni ugonjwa, ni kudura ya Mungu.

Lililobaki ni gumu zaidi, na ndilo lililonifanya niandike leo. Nyonga ile haitakunjika wala kunyooka tena. Itaganda, na itaganda vile mguu utakavyowekwa kwenye plasta ngumu kuanzia kifuani mpaka unyayoni, naye atakaa humo miezi mingi. Ukiwekwa umenyooka, atasimama wima na kutembea akichechemea, lakini kukaa chini hataweza, wala kuchutama, na kitini atakaa kwa shida, ubavu. Ukiwekwa umekunjwa, atakaa vizuri, atashona, atapika, lakini atatembea ameinama kwa mikongojo maisha yake yote. Katikati daktari hapataki, anasema katikati ni kukosa kote kuwili. Atafunga plasta Alhamisi ijayo, tarehe 28. Ameniambia familia iamue.

Mimi siwezi, Mama. Nikimtazama siwezi. Wewe ndiye uliyemlea. Amua wewe, nami nitamwambia daktari.

Esha anakusalimu. Anasema wodi ina watoto wa kutoka kila mahali na hakuna anayelijua lile jina la utani.

Mwanao,
Sefu


Msambweni
24 Aprili 1966

Sefu,

Barua yako nimeisoma mara moja. Nimeikunja, haitasomwa tena na mtu.

Umeniomba ninyamaze. Sikunyamaza. Ijumaa baada ya swala nilivaa buibui nikaenda chuoni kwa Maalim Abdurahman, nikamkuta na watoto wake mkekani. Nikamwambia mbele yao, "Karatasi niliyokuletea haikuandikwa na mtu aliyetazama. Mimi ndiye niliyekuletea, na mtoto alikuwa akisema kweli." Maalim alivua miwani. Watoto walionitazama ni wale wale waliokuwa wakimcheka. Kutoka hapo nikaenda kisimani nikawaambia na wale wa kisimani, na mke wa chifu alikuwapo. Ulimi wangu ndio ulioitembeza karatasi hiyo, na ulimi wangu ndio utakaoirudisha. Watakuchukia kwa muda. Mimi wananichukia sasa hivi.

Usinambie kudura ya Mungu. Mungu hakutia sahihi Jumatatu.

Na kuacha kazi unaacha kwa ajili ya nani? Ukiondoka, hiyo kalamu ataishika Chengo. Ukizichoma fomu, yule kibarua wa reli atapata mwenzake kesho. Nimeifikiria karatasi yako, Sefu, nikiwa nimeketi peke yangu, na sioni kosa kubwa kwa kupanga maneno safu. Mimi mwenyewe nikipanga viungo vya pilau napanga safu nisisahau. Lakini pilau sijawahi kuipakua bila kuionja. Basi utabaki hapo. Utaongeza mahali patupu pa kuandika mtoto analalaje, anakaaje, na ameulizwa na nani, faraghani au mbele za watu. Daktari akikataa, mwambie mama yako atakuja kukaa mlangoni kwake, na nikikaa mlangoni kwa mtu sitoki.

Sasa kuhusu mguu.

Nilikaa na jambo hilo siku nzima. Nilimwona Esha amesimama wima, nikasema basi anyoshwe, asimame, asiinamie mtu. Kisha nikamwona amekaa mkekani na wenzake siku ya harusi yao, wanapakana hina, nikasema akunjwe. Nimebadili mawazo hivi mpaka nikajua kwamba ninaamua juu ya mguu usio wangu. Alijua panapouma kuliko sisi sote. Atajua na anapotaka kuwa.

Kwa hiyo siamui mimi, wala huamui wewe. Siku ile ile barua hii itakapokufikia, nenda kwa Rispah. Mwambie afunge pazia, wewe ubaki nje mahali ambapo Esha hakuoni. Amwambie yote mawili kama ulivyonambia, asimpunguzie chochote, kwamba hivi atasimama na hatakaa, na hivi atakaa na hatasimama wima. Akitaka kulia ampe nafasi alie. Akitaka siku mbili ampe, Alhamisi haijafika. Atakachosema Esha, Rispah akiandike kwa maneno ya mtoto mwenyewe, si kwa visanduku, na wewe umpe daktari mkononi. Mtoto akisema asimame, mimi nitamfunza kuswali akiwa amesimama. Akisema akae, nitamnunulia cherehani na nitamtembeza mgongoni mpaka mgongo ukatike.

Halafu, Sefu, shuka stoo. Umesema Jumatatu zote ulikuwa ukitia sahihi karatasi tupu. Basi kuna mtoto wa mwanamke mwingine Kinango, na mwingine Kikoneni, na mwingine sijui wapi, mama yake anampigia kelele kutoka mlangoni atembee, kwa kuwa karatasi imesema mizima. Zitoe picha hizo zote. Ziweke kwenye taa moja moja, uzitazame wewe, si Chengo. Ukiona kitu, usitume fomu. Panda basi uende mpaka nyumbani kwao, ubishe hodi, ukawaambie kwa mdomo. Anza na za Kinango, huko ni mbali na mtu akisharudishwa harudi tena hospitali.

Usije kwangu kabla hujaimaliza ya mwisho.

Mama yako,
Esha binti Ngala